Sonata ya Miyuji (9): Mchumba Mlangoni

"Mimi ni mchumba wake."

Hapo ndipo tulipokatia wiki iliyopita, na najua wapo walionitukana. Haya, nimerudi. Msinune.

Msichana alisimama mlangoni mwa ukumbi wa kanisa pale Miyuji, baibui jeusi, begi la magurudumu mkononi, jasho likimtiririka shingoni. Kidole chake kilikuwa kimemwelekea Mrisho. Fidla ya Mrisho ilinyamaza katikati ya noti. Piano ikaendelea peke yake kidogo, kama mtu anayeongea bila kujua mwenzake amekwishakata simu, halafu nayo ikanyamaza.

Kwa mliotukuta njiani: mpiga piano ni Erica, binti wa mwinjilisti wa Mvumi. Mpiga fidla ni Mrisho, kijana wa Kondoa, mtanashati, mpole, na mwoga wa kumkatalia mtu jambo. Miaka miwili sasa wanapiga pamoja muziki wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa, ule wa fidla na piano tu, uliotungwa na watu waliopenda mpaka wakaugua. Tamasha moja la vijana huko Ujerumani limewataka warekodi sonata nzima, utungo wa sehemu tatu, kila sehemu kwa mkupuo mmoja, bila kukata wala kuunganisha. Mwisho wa kutuma ni leo jioni. Sehemu mbili zimekwisha. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ikipigwa mlango ulipofunguliwa.

"Imeharibika hiyo," alisema Gerson kwa sauti ya msiba.

Gerson ndiye fundi wa kurekodi. Studio yake iko Kizota, katikati ya mafundi wa kuchomelea vyuma, kwa hiyo kwa muziki laini kama huu haifai hata bure. Ndiyo sababu alihamishia maiki zake zote kwenye ukumbi huu, wenye piano ya zamani iliyoachwa na wamisionari.

Erica hakugeuka haraka. Aliitoa mikono kwenye piano, akaiweka mapajani.

"Mchumba?" aliuliza.

"Erica, ngoja nikueleze," alisema Mrisho.

"Nimeuliza neno moja. Na jibu lake ni neno moja."

Mrisho aliishusha fidla. "Ndiyo. Lakini siyo."

"Hayo ni matatu."

Alisimama, akakusanya karatasi zake za noti, akazitia kwenye mkoba. Hakulia. Wasomaji wangu mliotabiri kwamba angelia, bado hamjamjua Erica. Aliufunga mkoba taratibu, kitufe baada ya kitufe, na hilo lilimtisha Mrisho kuliko machozi.

Alipofika mlangoni, yule msichana alimpisha kwa adabu.

"Samahani, dada. Na wewe ni nani wake?"

"Mimi ni piano," alisema Erica, akatoka.

* * *

"Nasma!" Mrisho alishika kichwa, upinde wa fidla ukiwa bado mkononi, nusura ajichome jicho. "Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja uniache."

"Nini?"

"Uniache. Unikatae. Leo hii, mbele ya mama yako, kwa sauti ya kusikika." Nasma aliketi juu ya begi lake. "Kwani wewe unanitaka?"

Mrisho alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Na kweli, ndiyo kwanza alikuwa anamwona.

"Sikutaki," alisema. Kisha akaona haya. "Si kwamba una ubaya."

"Sina ubaya hata kidogo. Na mimi sikutaki. Nimekuona mara mbili maishani, na mara zote mbili ulikuwa umelala sebuleni kwa mjomba wako, mdomo wazi." Nasma alijifuta jasho kwa ncha ya mtandio. "Nimepata nafasi ya kusomea ukunga Singida. Baba anasema nitasoma nikishaolewa. Nikishaolewa nitasoma nini, Mrisho? Nepi?"

Gerson alicheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, akajifanya anakohoa.

"Si ukatae mwenyewe?" aliuliza Mrisho.

"Mimi nikikataa, watasema nina mwanaume mahali. Wewe ukikataa, watasema wewe ni mjinga tu. Tofauti unaiona?"

Aliiona.

"Sawa," alisema. "Nitampigia mama. Kesho."

"Kesho?" Nasma alisimama. "Mama yako nimekuja naye basi moja! Nimemwacha stendi anabishana na muuza zabibu. Nimempa kisogo, nikadandia bodaboda. Mwenzako wa chumba ametuelekeza wote wawili hapa kwa simu. Akimaliza zabibu zake, anakuja."

Mrisho aliketi sakafuni.

Lazima niwaambie siri yake sasa, maana mama yuko njiani. Bi Adija, mama yake, anauza vitenge Kondoa. Anajua kwamba mwanawe yuko Dodoma, amemaliza masomo ya uhasibu, na sasa anajifunza kazi katika ofisi moja ya mahesabu. Ofisi hiyo Mrisho aliiacha zamani. Mama hakuambiwa. Kila alipopiga simu na kuuliza kazini vipi, Mrisho alijibu salama, mama. Alipouliza kama atamwoa binti wa Mzee Masudi, Mrisho alijibu ndiyo, mama. Ndivyo alivyo. Akiulizwa kama anataka kuchinjwa, atasema sawa, ila iwe kesho.

"Jamani," alisema Gerson, "hayo ya ndoa mtayamaliza Kondoa. Mimi naomba mpiga piano wangu."

Mrisho hakuinuka. Aliyeinuka ni Nasma.

* * *

Alimkuta Erica nyuma ya ukumbi, kwenye bomba, ananawa uso.

"Dada, mimi sikumchukua mtu wako."

"Sina mtu," alisema Erica. "Nilikuwa na mpiga fidla."

"Basi mpiga fidla wako nimekuja kukurudishia." Nasma akamweleza yote, mbio mbio: Singida, ukunga, baba, zabibu. Erica alisikiliza huku maji yakimdondoka kidevuni.

"Kwa nini hakuniambia?" aliuliza mwisho. "Miaka miwili. Nakaa naye kila jioni. Najua akitaka kuanza kupiga anavuta pumzi namna gani. Najua kidole gani kinamuuma. Hilo moja tu nisilijue?"

"Aliogopa utaondoka."

"Na sasa nimeondoka."

"Umefika bombani tu," alisema Nasma.

Erica alitaka kukasirika, lakini mdomo ulimsaliti, akatabasamu upande mmoja.

"Mimi huo muziki wenu siujui," Nasma aliendelea. "Kwetu muziki ni wa kuimba, maneno yapo, unaelewa nani kamkosea nani. Lakini nilisimama nje ya mlango kabla sijaingia. Mwanzo nilidhani humo ndani watu wanagombana. Halafu nikadhani wanapatana. Nikatamani kujua mwisho. Ndiyo maana nikafungua mlango, kumbe nimewaharibia."

Erica alifunga bomba.

Alirudi ukumbini, akapita mbele ya Mrisho bila kumtazama, akazipanga noti zake juu ya piano.

"Nimerudi kwa ajili ya sonata," alisema. "Usijidanganye."

"Erica, nataka kukuambia..."

"Hapana. Piga."

* * *

Sehemu ya tatu inaanza wote wawili kwa pamoja. Siku zote Mrisho huvuta pumzi, na Erica huingia juu ya pumzi ile. Leo hakuingoja. Aliivamia piano kama mwenye nyumba aliyesikia mwizi jikoni, na Mrisho akawa anamkimbilia nyuma kwa nyuma, upinde ukiruka.

Na mtaniamini? Ilikuwa nzuri! Gerson, masikio yake ndani ya hedifoni, alifumba macho. Hasira ya Erica ilikuwa inatoka kila noti ikiwa imenyooka, na fidla ilikuwa inaomba radhi, mstari hadi mstari, bila kuchoka. Walifika katikati. Wakapita pale penye vikwazo ambapo huwa wanajikwaa. Walikuwa wanakaribia...

"HALOO! HALOO! MOJA MBILI! MOJA MBILI! MIYUJI MPOOO?"

Gerson alivua hedifoni kama imemuunguza.

Uwanjani, upande wa pili wa ukuta, kulikuwa na maturubai, viti vyenye utepe, na spika ndefu kuliko mtu. Kuna harusi jioni. Mshereheshaji wake, jamaa mmoja mnene mwenye suti ya zambarau aitwaye Zablon, alikuwa anajaribu mitambo.

Gerson alitoka mbio, akamsihi. Zablon alimsikiliza vizuri sana.

"Ndugu yangu," alisema, "na mimi niko kazini. Maharusi wakifika spika ikakoroma, nani atanielewa? Wewe funga madirisha."

Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Wakaanza tena. Safari hii hawakufika mbali. Spika iliachia wimbo wa kuingilia bibi harusi, besi ikatetemesha mpaka kifuniko cha piano. Wakaanza mara nyingine. "MOJA MBILI!" Erica alipiga ngumi kwenye noti za chini, piano ikaunguruma.

"Basi," alisema. "Imeshindikana."

Gerson alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta. Jua lilikuwa limeshaanza kulegea. "Hatutumi," alisema. "Kazi yote ile. Hatutumi."

Mrisho alimtazama Erica. Erica alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe. Ndipo Mrisho alipoelewa kwamba hakuna aliyekuwa amekasirishwa na harusi. Huyu binti alikuwa amefundishwa na baba yake kwenye kinanda cha kupampu kwa miguu, kanisani Mvumi, kwenye vumbi, na leo ndiyo ilikuwa njia yake ya kutoka. Kama angemwambia mama ukweli mapema, wasingepoteza ule mkupuo wa kwanza. Wasingekuwa hapa.

"Erica," alisema, "mimi ndiye niliyekuharibia. Si hao wa nje."

Kabla hajajibiwa, wimbo wa bibi harusi ulikatika katikati ya neno.

Feni ya juu ikazunguka polepole, ikazunguka polepole zaidi, ikasimama.

Umeme umekatika!

Kimya. Miyuji nzima kimya. Hakuna spika, hakuna redio, hakuna mashine ya kusaga. Kwa mbali jogoo mmoja, naye akajionea aibu akaacha.

Gerson aliruka kama aliyeumwa na siafu. "Mtambo wangu una betri! Kaeni! Kaeni mpige! Pigeni sasa hivi!"

"Wana jenereta," alisema Erica. "Nimeiona nyuma ya turubai. Wataiwasha."

Ni kweli. Nje walimsikia Zablon anaita, "Kamba ya kuvutia iko wapi? Nani ana kamba?"

Nasma alijitanda mtandio vizuri.

"Niachieni mimi," alisema, akatoka.

* * *

Zablon alikuwa ameinama juu ya jenereta, kamba ameshaipata, mguu mmoja nyuma tayari kuvuta, aliposikia sauti tamu:

"Assalaam aleikum, kaka. Natafuta mshereheshaji wa harusi yangu."

Kamba ilianguka.

"Umefika, bibi harusi!" Zablon alijinyoosha, akavuta koti la zambarau. "Umefika hasa! Lini? Wapi? Watu wangapi?"

"Kondoa. Watu wengi. Ila nataka nijue kwanza, ukimtangaza bibi harusi unamtangazaje? Nionyeshe. Polepole tu, kwa sauti ya chini, mimi naona haya."

Zablon alitazama huku na huku, akasogeza viti viwili kivulini. "Keti hapa, dada yangu. Kuna namna nyingi. Kuna ya kifalme..."

Jenereta ilisahauliwa.

* * *

Ndani, Mrisho aliiweka fidla begani. Alimtazama Erica.

"Anza wewe," alisema. "Nitakufuata."

"Huwa unavuta pumzi wewe."

"Leo vuta wewe."

Erica alikaa kidogo, kichwa chini. Halafu mabega yake yaliinuka, na Mrisho aliisikia pumzi yake, ya haraka, yenye kutetemeka kidogo, na wakaingia pamoja kama mlango unaofunguka.

Sitawaeleza muziki. Muziki ukielezwa unakuwa habari za mtu aliyekula, na wewe una njaa. Nitawaambia tu kwamba hasira ilikuwepo bado, ila sasa ilikuwa inaongea na kungoja jibu. Fidla ikisema, piano inauliza, kweli? Piano ikipanda, fidla inashuka kuipisha. Walifika pale pa vikwazo wakapita bila kuvigusa. Gerson alikuwa amepiga magoti mbele ya mtambo wake kama mtu anayesali.

Na hapo mlango ukafunguka.

Erica alikuwa ameupa mgongo, hakuona. Mrisho aliona. Kanga mbili, moja kichwani moja kiunoni, viatu vya plastiki, mkono umeshika mfuko wa nailoni uliojaa zabibu. Mama yake.

Mwili mzima wa Mrisho ulitaka kusimama. Ndivyo alivyolelewa, mama akiingia unaacha unachofanya. Upinde uliyumba, kiasi cha unywele mmoja tu.

Erica aliusikia huo unywele mmoja. Hakugeuka. Alikaza tu mkono wa kushoto, akamwekea sauti nzito ya kusimamia, na Mrisho akasimama juu yake.

Hakuacha. Alimtazama mama yake machoni, akaendelea kupiga.

Bi Adija alipiga hatua moja. Mfuko wa nailoni ukasema kwacha! Gerson alimgeukia kwa magoti, viganja vimeunganishwa, uso mzima unaomba. Bi Adija alimtazama kijana huyu asiyemjua anayempigia magoti, akatazama maiki, akaelewa, akaukumbatia mfuko wake kifuani kama mtoto mchanga. Akabaki hivyo, mguu mmoja mbele mwingine nyuma, hajiwezi kwa zabibu.

Noti ya mwisho ilikuwa ndefu. Walikaa nayo mpaka ikaisha yenyewe.

Gerson aliinua dole gumba. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujali.

"Naituma," alinong'ona. "Kwa simu yangu. Bando lipo. Inakwenda, inakwenda polepole, msinisemeshe."

"Umemaliza?" aliuliza Bi Adija.

"Nimemaliza, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Alitazama ukumbi, maiki, piano. "Ofisi yenyewe ndiyo hii? Wahasibu ndio nyie watatu?"

Mrisho alifungua mdomo. Na ndipo umeme uliporudi.

Feni ilizinduka. Na uwanjani, kwa sauti ya kufika hadi Kizota, spika zilinguruma:

"MABIBI NA MABWANA, TUNAMPOKEA SASA MALKIA WA KONDOA, BIBI HARUSI NASMAAA, NA MFALME WAKE... DADA, BWANA HARUSI ANAITWA NANI?... NA MFALME WAKE MRISHOOO!"

Shangwe za wapambaji. Vigelegele viwili vitatu vya hapa na pale.

Uso wa Bi Adija ulifunguka kama ua. "Kumbe na mshereheshaji mmeshamtafuta! Mwanangu! Na mimi nimekuja kukusukuma, kumbe wewe umeshatangulia!"

"Robo imefika," alisema Gerson kutoka sakafuni.

Mrisho aliiweka fidla kwenye kasha lake. Mikono akaifunga nyuma.

"Mama, hakuna harusi."

"Unasemaje?"

"Nasma simwoi. Hana kasoro, ni binti mzuri kuliko ninavyostahili. Na ofisini nimeacha, mama, zamani. Kazi yangu ni hii uliyoisikia. Nimekudanganya kwenye simu mara nyingi kwa sababu naogopa kukukatalia. Nisamehe. Lakini simwoi."

Nasma alikuwa amerudi, amesimama mlangoni anahema. Alisikia kila neno. Alitikisa kichwa kumkubalia, kama mwalimu.

Bi Adija hakupiga kelele. Alitafuta kiti, akakaa, akaweka zabibu mapajani.

"Mrisho," alisema, "nilipokuuliza habari ya Nasma, ulisema ndiyo kabla sijamaliza jina lake. Ulisema ndiyo upesi mno. Nikajua mwanangu amependa! Nikaenda kwa Mzee Masudi mbio, nisije nikachelewa. Miguu hii na joto lile. Kwa ajili yako!"

"Wewe hukutaka?" aliuliza Mrisho.

"Mimi?" Bi Adija alimtazama Nasma. "Usinielewe vibaya, mwanangu. Wewe nakupenda. Lakini baba yako anaongea! Nani anataka mkwe anayeongea vile?"

Nasma alicheka mpaka akashika ukuta. Erica naye alicheka, akajiziba mdomo. Mrisho hakucheka. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo watu wangapi amewafunga kwa ndiyo moja.

"Nusu!" alisema Gerson.

Bi Adija aligeukia piano. Alimtazama Erica kuanzia kichwani hadi kwenye vidole, na kwenye vidole alikaa sana.

"Na huyu?"

"Huyu ni Erica, mama. Anapiga piano."

"Nimeona anapiga kinanda, mimi si kipofu. Nauliza huyu ni nani?"

Erica alisimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Kwenu wapi?"

"Mvumi."

"Mbukwa," alisalimu Bi Adija, kwa Kigogo cha wanaouza vitenge minadani.

"Mbukwa," alijibu Erica, kwa mshangao.

"Baba anafanya kazi gani?"

"Mwinjilisti, mama."

"Ya Rabi," alisema Bi Adija taratibu, akala zabibu moja.

Kisha akamrudia mwanawe. "Nimekuuliza swali. Safari hii usinijibu upesi."

Mrisho hakujibu upesi. Nasma akaanza kumkodolea macho. Aliposema, hakumtazama mama. Alimtazama Erica.

"Huyu ndiye ninayempenda. Hajui. Sijawahi kumwambia, mama, ndiyo kwanza unasikia, naye anasikia. Nilidhani nikinyamaza nitabaki naye."

Erica alikifunga kifuniko cha piano. Akakifungua. Akakifunga tena.

"Imefika!" Gerson aliruka juu na simu yake. "Imefika Ujerumani! Wamejibu wameipokea! Jamani? Imefika!"

Hakuna hata mmoja aliyegeuka.

"Binti," alisema Bi Adija, na sauti yake ilikuwa imelainika, "umeambiwa. Unasemaje?"

Erica alivuta pumzi. Na simu ya Bi Adija ikalia.

Aliitazama, akaguna. "Mzee Masudi."

Nasma aliganda. Bi Adija hakuipokea. Alimnyooshea Mrisho. "Mimi nilikwenda kuposa kwa miguu yangu. Kuposua ni kazi yako."

Mrisho alimtazama Erica.

"Pokea," alisema Erica. Mashavu yake yalikuwa ya moto, lakini macho hayakuyumba. "Mimi nitakujibu ukishamaliza naye."

Mrisho akabonyeza.

"MKWE WANGU!" Sauti ilijaa ukumbi mzima bila spika. "Nilimwambia mama yako basi linamchosha, mimi nimekuja na gari nyuma yenu, mwenzako wa chumba kanielekeza! Na shehe nimempakia! Niko hapa nje getini, naona maturubai, naona viti, mshereheshaji ananiambia binti yangu ametangazwa! Mbona hamkusema? Ya nini kungoja? Tufunge leo leo!"

Nasma alijificha nyuma ya piano. Bi Adija aliacha kutafuna.

Mrisho aliishusha simu kidogo, akaiinua tena.

"Usiingie, mzee," alisema. "Ninatoka mimi. Ila shehe mtafutie kiti, na wewe mwenyewe ukae, maana habari niliyo nayo si ya kusikilizwa umesimama."